Nusu Mzunguko kwenye Fimbo ya Tabo

Hapana, hakuna aliyenifukuza. Andika hilo kwanza, Neema, ndipo tuendelee, maana najua wataanza na hilo. Sikuugua, sikugombana na Elia, na huu mkono haujavunjika, upo hapa unakunja na kukunjua. Niliondoka gereji kwa maneno ya mtu mmoja tu, nitayafikia. Ila kuna vijana pale wamekuja juzi juzi, wamenikuta nimeshaacha kazi, nimekuja kukaa tu kwenye benchi nawacheka wanavyoshika spana, hawajui kwamba hiki kibibi kilikuwa kinaingiza mkono mahali wao hawaoni hata kwa tochi. Hao ndio naongea nao.

Anayeandika ni mjukuu wangu. Mimi kalamu sikushika. Wenzangu walipopelekwa shule mimi nilikabidhiwa mbuzi, huko kwetu upande wa Buigiri. Namba nazijua zile za spana. Ukinitajia namba ambayo haina spana yake, hapo tumeachana.

Lakini mbuzi nao ni shule. Mbuzi akishindwa kuzaa, mtoto amekaa vibaya tumboni, watu wazima hawafai, mikono yao minene. Wanaitwa watoto wa kike. Unapaka maji ya sabuni mpaka kwenye kiwiko, unaingiza mkono, unafumba macho, kwa sababu macho mle ndani hayana kazi. Unatafuta mguu, unatafuta kichwa, unageuza polepole. Ukivuta kwa hasira unaua wawili. Nimegeuza wengi kabla sijaota matiti. Sasa shikeni hilo, twende gereji.

Gereji nilikwenda kuuza uji. Ilikuwa ya Mzee Shabani, mtu wa mjini hapa hapa Dodoma, babu zake walikuja na misafara wakapenda wakabaki. Kofia ya kushona haivui hata akiwa chini ya gari, karafuu mdomoni, na maneno yake anayatoa moja moja kama anayalipia. "Mwa-na-ngu. Uji. Una. Ndimu?" Mpaka amalize kuuliza, uji una ngozi juu.

Siku hiyo nakuta wanaume wanne wameinamia boneti ya lori kama watu wanaochungulia kisima kilichokauka. Kiklipu kimewaponyoka, kimeanguka kati ya tabo na ukuta wa nyuma wa injini. Mmoja mnene, sauti ya puani, anasema tushushe injini nzima. Mwingine anasema tuitingishe gari. Wa tatu haongei, anavuta tu pumzi, ffss, ffss, ameungua. Wameanza asubuhi, na jua lilishapita katikati.

Nikaweka chupa ya uji chini. Nikaomba sabuni. Wakacheka, yule wa puani akasema mama uji anataka kuoga. Nikapaka maji ya sabuni, nikafumba macho, nikaingiza. Mle ndani kumebana, kushoto bomba la moto, kulia mabomba ya maji, chini vyuma vina meno. Lakini nilikwenda kama ninavyokwenda kwa mbuzi, sisukumi, nauliza njia. Kiklipu nikakikuta kimelala juu ya kimkono cha chuma. Nikakibana kwa vidole viwili, nikaanza kurudi.

Mzee Shabani akasema, "Usitoe mkono."

Nikafikiri nimegusa kitu cha kuniua. Kumbe anataka nikae humo humo. Akaniuliza, nati iko wapi. Nikamwambia ipi, ziko mbili. Akahamisha karafuu toka shavu hili kwenda lile. Akasema ile nyembamba. Basi hapo hapo, mkono umo ndani, uji unapoa, ndiyo akaanza kunifundisha. Uji ule hakunywa mtu, na mimi sikuuza tena uji.

Sasa ninyi mnajua tabo, lakini atasoma na mtu ambaye hajui. Tabo ni kifeni. Kinazungushwa na moshi unaotoka, kinasukumia injini upepo ili ivute kwa nguvu. Upepo ukizidi, injini inajiua yenyewe. Kwa hiyo pembeni kuna kilango, kikifunguka moshi mwingine unapita pembeni, kifeni kinapunguza mbio. Kilango kinasukumwa na fimbo nyembamba, na fimbo inatoka kwenye kikopo kidogo kama cha maziwa, ambacho upepo ukijaa kinaisukuma. Mwisho wa fimbo kuna nyuzi, na nati ya kuizuia. Ukiifupisha fimbo, kilango kinachelewa kufunguka, upepo unazidi, dereva anafurahi, injini inalia. Ukiirefusha, kilango kinawahi, gari inakuwa mvivu kama shemeji yangu. Miaka yangu yote gereji imeishia hapo, kwenye nusu mzunguko huku au nusu mzunguko kule.

Na namna ya kuweka ni hii, msisahau. Unalegeza nati nyembamba. Unatoa klipu, unachomoa fimbo kwenye pini. Unazungusha kichwa cha fimbo nusu, si zaidi. Unarudisha uone. Tundu la fimbo lisikutane na pini lenyewe kwa lenyewe. Liikose kidogo, uivute fimbo kwa kidole ndiyo liingie. Kidogo hicho ni upana wa punje ya mtama. Mzee Shabani alisema punje ya uwele, tukabishana mpaka anakufa.

Alikuwa na pampu ya baiskeli ameifunga saa ya upepo. Unachomeka kwenye mpira wa kikopo, unapampu, unaangalia fimbo inaanza kusogea mshale ukiwa wapi. Mimi namba zile sizijui, basi akachukua rangi ya kucha ya mkewe, akadondosha tone jekundu kwenye kioo. "Fimbo. Itembee. Hapa." Mkewe alitafuta ile rangi mwezi mzima, akamshuku mke mdogo wa jirani.

Na neno moja alilipiga marufuku gereji nzima: nadhani. Ukisema nadhani ni kikopo, anakohoa. Anakwambia nadhani waachie wanaosubiri mvua, hapa ama umeshika ama hujashika. Nimewahi kurudishwa ndani ya injini mara tatu kwa neno hilo, na hili kovu la kwenye mkono, refu hili, ni la nadhani ya tatu.

Mzee alipofariki, gereji ikabaki kwa Elia, aliyekuwa fundi wake wa injini, kijana mpole wa Mvumi, sasa naye ana watoto wanaoota ndevu. Ile saa ya tone jekundu ikaanguka ikapasuka. Elia akaniletea nyingine, ya namba zinazowaka. Nikamwambia hiyo ni ya kwako, mimi nina sikio. Na kweli nilikuwa nalo. Tabo iliyokaa sawa, ukikanyaga mafuta, mluzi wake unapanda, unapanda, halafu unasimama, kilango kimefunguka. Isiyokaa sawa haisimami, inaendelea kupanda. Nilikuwa nasikia tofauti ya robo mzunguko. Kwa hiyo nilibaki na vitu viwili, mkono na sikio, na nilijua vizuri kwamba kimoja kikiondoka, na mimi naondoka nacho. Fundi asiyesoma na asiyesikia atafanya nini gereji? Atarudi kuuza uji.

Wateja walinijua kwa swali moja. Gari ikija simuulizi mwenye gari ina tatizo gani, namuuliza inalia vipi. Na simaanishi aniambie. Nataka alie kama gari.

Alikuja bwana mmoja wa ofisini, wale waliohamia na serikali, tai imemkaba. "Mama, yaani pawa hakuna kabisa, nikiova-teki inakuwa sloo, nadhani ni sensa." Nikakohoa kwa niaba ya marehemu. Nikamuuliza inalia vipi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema inafanya kama sauti fulani hivi. Nikamwambia ifanye. Akalegeza tai. Akatoa kamluzi kadogo, ka aibu, ka mtu anayemwita mbwa wa jirani. Nikamrudishia mluzi wake, nikaupandisha, akasema hapana, chini kidogo. Nikashusha. Akasema hiyo hiyo, mama, hiyo hiyo, akasahau kabisa kuona haya, tukapigiana miluzi pale kama kware. Mpira wa kikopo ulikuwa umetoboka. Alipoondoka alikuwa ananipungia kwa dirisha huku anapiga mluzi.

Mchungaji naye gari yake ililia kama anavyohubiri. Inaanza chini, ndugu zanguuu, inapanda, inapanda, na hairudi. Nikamwambia hivyo mbele ya wazee wa kanisa. Alicheka yeye, wazee hawakucheka.

Lakini kesi iliyonifundisha ni ya Msalato, wakati wanachimbua kule kwa ajili ya uwanja wa ndege. Gari ya msimamizi mmoja, vumbi limeingia mpaka kwenye redio. Inavuta kama imechokozwa, halafu inachemsha. Nikaingiza mkono, nikakuta fimbo imefupishwa mpaka nyuzi zimeisha. Kuna fundi alimfurahisha mwenye gari. Kila akilalamika gari nzito, anamwongezea nusu, na nusu nyingine, na gasketi ya kichwa ndiyo ikalipa. Nilimtukana huyo fundi siku nzima bila kumjua jina. Nilisema mbele ya kina Elia kwamba mtu anayefupisha fimbo bila kusikia kilango kinasemaje hana tofauti na anayevuta mtoto wa mbuzi kwa hasira. Walikuwa wanaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Elia alikumbuka maneno hayo kuliko mimi.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo sipendi kuisema, na huyu Neema anajifanya kalamu imeisha wino.

Kuna mwaka vifaranga vyangu vilinyamaza. Naviona vinakimbia, midomo inafunguka, lakini kimya. Nikamwambia Neema vifaranga vinaumwa, akaviangalia, akasema vizima bibi. Nikaona mtoto hajui kuku. Halafu nyenje. Nyenje wa kwetu ukianza msimu wanalia mpaka unatamani kuhama. Mwaka ule, kwa kuwa watu wakiongea nawasikia vizuri, nikasema hawajaja, ni ukame. Nikawaambia watu kanisani, nyenje mwaka huu hawapo, na wakanijibu ndiyo mama, huku wamesimama chini ya mti uliojaa. Ndivyo tulivyo, mtu mzima akisema usiku ni mchana, tunamsaidia kutafuta kofia ya jua.

Gereji nako tabo zikaanza kuwa wavivu. Zote. Inaletwa gari, Elia anakanyaga mafuta, nasikiliza, mluzi haupandi. Nasema hii imelala, ongeza. Naingiza mkono, nafupisha nusu. Nasikiliza tena, haupandi. Nafupisha tena nusu. Nikawa nalalamika, nasema vikopo vya siku hizi ni takataka.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba nikishatoka kwenda kula, Elia alikuwa anarudi nyuma yangu, anachomeka ile saa yake ya namba, na kurudisha fimbo ilivyokuwa. Kila gari. Na vijana wote wanajua. Mimi nikirudi nakuta gari tayari imeondoka, nasema mnaona, imepona. Ndiyo mama. Asubuhi shikamoo mama, jioni shikamoo mama. Shikamoo ni kitu kizuri, nimewafundisha mwenyewe wanangu, lakini haijawahi kumwambia mtu kwamba sketi imefunguka nyuma.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kunipa shikamoo ni Veronika.

Veronika ni Mhehe, wa ng'ambo ya bwawa la Mtera, analeta samaki Dodoma kwa pikapu ya dizeli. Mhehe na Mgogo ni watani, hilo mnalijua, babu zetu walipigana wakachoka wakaona bora watukanane. Mtani anaweza kukuvua kilemba msibani na ukamshukuru. Akishuka tu kwenye gari ananiambia, Mgogo, bado hujaenda kuomba-omba barabarani leo? Namuuliza mbwa wenu mmebakiza wangapi hamjawala. Basi hiyo ndiyo salamu, tunaweza kuendelea hivyo mpaka samaki waharibike. Pikapu yake nimeitunza mimi tangu ya kwanza mpaka hii ya tatu. Anakaa mbele na dereva, kwa hiyo sauti ya gari ile anaijua kuliko sauti ya mumewe, anasema mwenyewe, na kwamba gari inapendeza zaidi.

Siku hiyo pikapu ilikuja kwa jambo dogo, kubadilisha mpira wa kikopo. Elia hakuwepo, amekwenda kuzika Mvumi. Nikabadilisha mpira. Nikamwambia dereva akanyage. Nikasikiliza. Imelala. Nikafupisha nusu. Imelala. Nikafupisha nusu. Mkono wenyewe uliona fimbo imekuwa ngumu, tundu linaikosa pini kwa zaidi ya punje, ikabidi nivute kwa plaizi ndipo liingie. Nikasema ni kutu. Nikafunga nati. Dereva, kijana wa heshima, akasema asante bibi. Hakukuwa na mtu wa kurudi nyuma yangu.

Wakaenda Mtera wakapakia. Wakati wa kurudi, kwenye ule mlima, gari imebeba, bomba la upepo likachomoka kwa kishindo, moshi mweusi, injini ikazimika. Gari ya namna ile injini ikizimika breki zinakuwa jiwe. Ikaanza kurudi nyuma na watu wanne juu ya matenga, na nyuma yao kuna lori linapanda. Watu waliruka. Mmoja aliweka jiwe kwenye tairi, likakamata. Hakufa mtu. Mama mmoja aliteguka mguu, na samaki wote waliozea pale pale juani. Hii nimeisema haraka kwa sababu niliisikia polepole.

Waliivuta mpaka gereji kesho yake. Nakuta Elia amesharudi, amesharudishia bomba, boneti iko wazi, vijana wamezunguka. Veronika amekaa kwenye tairi, ananuka samaki, hajaniuliza kama nimekwenda kuomba. Nikajua kuna msiba.

Elia angeweza kuingiza mkono na kurudisha fimbo kama alivyozoea. Hakufanya hivyo. Akaniambia kwa upole wake ule, "Mama, hebu isikilize mwenyewe." Akapanda, akawasha, akakanyaga.

Nikaingiza mkono. Nikaweka kidole kwenye fimbo, kama nilivyofundishwa, kusikia inasogea. Haikusogea. Injini inapanda, mwili wa gari unatetemeka mpaka kwenye meno yangu, na fimbo imetulia kama imechomelewa. Mkono uliniambia, na mkono wangu haujawahi kunidanganya tangu enzi za mbuzi. Nikaunyamazisha. Nikatega sikio.

Halafu nikafanya kile ninachofanya siku zote. Nikawaigizia. Fiiiii, nikapanda nayo, taratibu, nikafika pale pazuri, nikasimama. Nikawaambia ndivyo inavyolia, kilango kinafunguka, shida ni bomba.

Yule kijana aliyekuwa karibu yangu alikuwa ameziba masikio kwa viganja, akaviteremsha haraka nilipomwangalia. Elia ameondoa mguu kwenye mafuta. Nikamuuliza, si ndiyo? Akaangalia usukani. Akasema, ndiyo mama.

Nikasema nadhani bado mvivu kidogo, ngoja niongeze nusu. Nimelisema neno lile kwa mdomo wangu, kwenye gereji ile, na hakukohoa mtu. Nikaanza kutafuta nati nyembamba.

Veronika akainuka kwenye tairi.

"Mgogo, gari imepiga yowe mpaka watu wa barabarani wamegeuka, na wewe unatuimbia mluzi wa pikapu niliyouza mwaka juzi. Umekuwa kiziwi. Toa mkono humo."